Uzi: Wazo liandikwe kabla halijasemwa, au tulivyokibadilisha kikao cha Jumatatu katika kampuni ndogo ya vipindi

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam.

Ninaandika kwa ajili ya wenzangu mnaofanya kazi katika kampuni ndogo za video na redio, zile zenye watu watano, saba au kumi, ambako mpiga picha ndiye anayebeba taa na mhasibu ndiye anayepokea wageni. Mimi ni msimamizi wa vipindi katika kampuni ya watu saba iliyopo Sinza, Dar es Salaam. Ninalotaka tulizungumze ni namna wazo la kipindi linavyozaliwa na kulelewa mpaka likafikia kupigwa picha, pale ambapo hakuna dawati la ubunifu wala fedha ya kumlipa mtu akae akifikiri tu.

Kwa muda mrefu kikao chetu cha Jumatatu saa tatu asubuhi kilikwenda hivi. Chai ikishamiminwa, nilifungua kwa kueleza nilichokifikiria mwishoni mwa juma, kisha nikauliza, "Mnaonaje?" Mtangazaji wetu, ambaye ni mwepesi wa maneno, aliongeza mawili matatu. Mpiga picha alisema kama jambo linawezekana au haliwezekani. Wengine waliitikia "sawa bosi", na ndani ya nusu saa tulikuwa tumetawanyika, nami nikiamini kwa moyo wote kwamba tumeshauriana.

Jioni moja tulibaki ofisini tukisubiri kompyuta imalize kutoa video ya mteja. Binti anayetuhariria video, ambaye kikaoni alikuwa hasemi zaidi ya sentensi mbili kwa mwezi, akaanza kunisimulia habari za mjomba wake anayeuza samaki katika soko la Feri, hapa Dar es Salaam, jinsi anavyoamka usiku kutafuta barafu kabla hata hajajua kama atapata samaki, na jinsi siku ya barafu mbaya inavyomtia hasara kuliko siku ya samaki wachache. Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kulileta hilo kikaoni. Akanijibu kwa upole, "Bosi, ukishasema lako, mimi nitasemaje langu?"

Jibu hilo lilinikosesha usingizi, na ndilo lililonifanya nianze kusoma wengine wamelitatuaje. Nikakutana na habari za Alex Osborn, Mmarekani wa shughuli za matangazo ya biashara, ambaye kanuni zake za kikao cha mawazo, alizozichapisha mwaka 1953, ndizo zilizoenea karibu kila ofisi duniani: msikosoane mawazo yakiwa bado yanatoka, toeni mengi kadiri mnavyoweza, karibisheni hata yale ya ajabu, na kila mmoja ajenge juu ya wazo la mwenzake. Ni kanuni nzuri, na mbili kati yake tunazitumia hadi leo. Lakini mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walizijaribu. Waliwapa vikundi vya watu wanne tatizo wajadiliane kwa mdomo, kisha wakachukua watu wengine waliofanya kazi hiyo hiyo kila mmoja peke yake, wakayajumlisha mawazo ya wanne wanne na kuyaondoa yaliyojirudia. Waliofikiri kila mtu kivyake walitoa mawazo mengi zaidi, tena bora zaidi.

Sababu iliyokuja kutiliwa mkazo baadaye, hasa katika utafiti wa Diehl na Stroebe wa mwaka 1987, ni jambo ambalo kila mmoja wetu analijua bila kulipa jina: watu wakizungumza ni lazima wapokezane zamu, na wakati unasubiri zamu yako unajitahidi kulishika wazo lako lisikutoroke huku ukimsikiliza mwenzio, mwishowe lako linafifia au unaliona halina maana tena. Ongeza juu yake heshima yetu kwa mkubwa, ambayo mimi binafsi sitaki ipotee, na utaona kwa nini yule binti alinyamaza. Tumezoea kusema penye wengi hapaharibiki neno, na ni kweli, ila hao wengi wawe wamepata nafasi ya kulitoa hilo neno.

Tulichobadilisha kwanza ni kidogo sana. Siku hizi kikao kinaanza kwa dakika kumi za ukimya. Kila mtu, pamoja na dereva na mhasibu, anapewa nusu karatasi tatu, na kwenye kila moja anaandika wazo moja kwa herufi kubwa, kwa kalamu za aina moja, ili mwandiko usimtaje mwenyewe. Karatasi zinakusanywa kwenye sinia la chai, zinachanganywa, na anayesoma kwa sauti ni yule ambaye wiki hiyo ni zamu yake. Mimi ninaandika kama wengine, lakini nazungumza wa mwisho. Sharti hilo la kuzungumza mwisho nililiona dogo nilipolitangaza, na ndilo lililonitesa kuliko yote, kwa sababu mara nyingi nilikuwa nimekwisha kuona "jibu" na nikalazimika kukaa nalo kinywani dakika arobaini. Baadhi ya siku, ilipofika zamu yangu, sikulitaka tena.

Kuna njia ya Kijerumani inayofanana na hii, aliyoieleza Bernd Rohrbach mwaka 1968: watu sita, kila mmoja anaandika mawazo matatu kwa dakika tano, kisha anampa karatasi mwenzake wa pembeni ayaendeleze, mpaka ndani ya nusu saa panakuwa na mawazo 108. Tuliijaribu mara mbili. Kwa kampuni ndogo, mawazo 108 ni mzigo, kwani nani atayasoma na lini? Tulichokichukua kwake ni lile tendo la kupokezana karatasi, ambalo tunalifanya mara moja tu, baada ya kusoma. Kila karatasi inakwenda kwa mtu ambaye si mwandishi wake, naye anaongeza mstari mmoja chini.

Sasa turudi kwenye barafu, maana hapo ndipo nilipouona utaratibu huu ukifanya kazi.

Karatasi ilisomeka hivi: BARAFU YA FERI INATOKA WAPI NA NANI ANAPANGA BEI YAKE. Nakiri kwamba ilisomwa mara ya kwanza ikapita bila mtu kuitazama mara mbili, ikawekwa kando. Ulipokuja mgao wa umeme wa miezi ya mwisho ya mwaka 2023, mhasibu wetu akalalamika asubuhi moja kwamba samaki wamepanda bei na wauzaji wanasingizia umeme. Mpiga picha akasema, "Ile karatasi ya barafu iko wapi?" Tukaitoa.

Kila wazo linalochaguliwa kwetu linapewa mlezi. Mlezi si lazima awe aliyeliandika, na kazi yake ya kwanza ni kulitembelea wazo kwa siku moja akiwa na daftari na simu tu, bila kamera, kabla hatujapanga bajeti wala kumwambia mdhamini yeyote. Anatakiwa arudi na mambo matatu: mtu tutakayemfuata, mahali tutakapokaa, na kitu kinachobadilika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Barafu alikabidhiwa binti mwenyewe, ambaye hakuwahi kwenda kutafuta habari maishani mwake. Alifika Feri saa kumi na moja alfajiri, mnada ukiwa haujachangamka, akarudi saa sita mchana akiwa na harufu ya samaki na kurasa tisa za maelezo. Mtu alikuwa kijana anayevunja mabonge ya barafu kwa mtalimbo juu ya kipande cha turubai. Mahali palikuwa pale pale. Kitu kinachobadilika hakukipata.

Tukaketi kukitafuta pamoja. Mtangazaji alitaka bei iwe ndiyo inayobadilika, asubuhi hadi jioni. Mtu wetu wa sauti alikuwa amesikiliza rekodi ya simu ya binti na kusema kwamba mtalimbo unapopiga bonge, sauti hutoka mara mbili, mlio mkavu wa chuma kisha mpasuko unaosafiri ndani ya barafu, na kwamba kipindi kianze gizani kwa sauti hiyo kabla ya picha yoyote. Ndipo dereva, ambaye mpaka hapo alikuwa anakunywa chai yake, akauliza, "Lakini mmesahau kwamba ile barafu inayeyuka? Mimi nimekwama nyuma ya gari la barafu foleni ya Barabara ya Mandela, maji yanatiririka barabarani kama bomba limepasuka. Ile si hela inamwagika?"

Chumba kilinyamaza. Hapo ndipo kipindi kilipopatikana. Tuliamua kulifuata bonge moja tu, tangu linapotoka kiwandani hadi linapovunjwa na kuwekwa juu ya samaki, tukilipima kwenye mizani mwanzoni na mwishoni mwa safari, na katikati tukazungumza umeme, foleni na mjomba wa binti. Kilikuwa cha dakika 12. Wazo lilikuwa la mmoja, sauti ya mwingine, na uti wa mgongo wake ulitoka kwa mtu ambaye zamani hatukuwa tukimwita hata kikaoni kwa sababu kazi yake ni kuendesha gari.

Ningependa kusikia wengine mnafanyaje.

Mchangiaji wa Mwanza

Ndugu mwanzisha mada, shukrani kwa somo. Mimi niko redio ya jamii yenye watu watano na kipindi cha asubuhi kila siku ya kazi. Hiyo siku nzima ya "kulitembelea wazo" kwetu ni anasa, kwani mtu mmoja akitoka, hakuna wa kukaa studio. Pili, sisi mawazo yote tunayatuma kwenye kundi la WhatsApp usiku, nalo halijawahi kutupa tabu.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Mwanza, nimekuelewa, na nisingependa mtu aone kwamba utaratibu wetu unafaa kila mahali. Kwa kipindi cha kila siku, chagueni wazo moja tu kwa juma la kulilea hivyo, la siku ile yenye wasikilizaji wengi, na hayo mengine yaende kwa mwendo wenu wa kawaida. Matembezi nayo yanaweza kuwa ya saa mbili baada ya kipindi kumalizika. Tena ninyi mna hazina ambayo sisi hatuna: ujumbe wa wasikilizaji. Nakili kumi kati yake kila Ijumaa kwenye karatasi na uzichanganye na za kwenu.

Kuhusu kundi la WhatsApp, ninaomba uchunguze jambo moja. Tazama nani huandika wa kwanza, na wanaofuata huandika nini. Kwetu, wa kwanza akitaja mpira, wanne waliofuata walitaja mpira. Nami nikiweka alama ya dole gumba kwenye wazo mojawapo, mjadala ulikuwa umefungwa bila mimi kukusudia. Sasa kila mtu anamtumia mhasibu pembeni kabla ya Jumapili jioni, yeye anayaandika yote kwenye orodha moja bila majina, na kundi limebaki la kuulizana gari liko wapi.

Mchangiaji, mhariri mstaafu

Nimefanya kazi katika vyumba vya habari vya magazeti tangu enzi za kupangilia kurasa kwa mkasi na gundi, na ninaomba kutofautiana nawe kwa heshima. Kikao cha uhariri cha zamani kilikuwa kikali. Mhariri alikurushia swali, ukishindwa kujibu habari yako ilikufa mezani, na ukali huo ndio uliotufundisha. Nikisoma habari za sinia na karatasi zisizo na majina, ninaogopa kwamba vijana watajificha nyuma ya karatasi na hakuna atakayesimama kulitetea wazo lake. Na je, anayeamua ni nani? Au mnapiga kura?

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ni nzito na sitaki kuijibu kwa haraka.

Ukali unaousema tunauhitaji, na upo, ila tumeuhamisha mahali. Wazo likiwa bado mstari mmoja kwenye karatasi ni kama mche uliochipua jana, ukiushika kwa nguvu unaukata. Mlezi anaporudi kutoka matembezini, hapo ndipo maswali yako yote yanapofunguliwa: umeonana na nani, ni nani asiyekubaliana naye, hicho anachodai umekithibitishaje, tutaona nini kwenye picha kwa dakika 12 zote. Siku hiyo karatasi ina jina na mlezi anasimama. Yule binti aliulizwa maswali mpaka akatokwa jasho, lakini alikuwa ameshika kurasa tisa mkononi, na mtu aliyefika mahali anabishana kwa namna tofauti kabisa na mtu aliyewaza tu.

Kuhusu kura, tulizipiga kwa miezi mitatu na tukaziacha, na hili ningependa wengine wasilirudie. Kura huchagua wazo ambalo hakuna anayelichukia. Katika miezi hiyo mitatu tulitoa vipindi safi, visivyo na kosa, ambavyo sikumbuki hata kimoja leo. Wazo lenye uhai mara nyingi lina watu wawili wanaolipenda sana na watatu wanaolitilia shaka. Kwa hiyo sasa, baada ya maswali, ninaamua mimi, peke yangu, na ninatamka sababu mbele ya wote, ili aliyekosa ajue amekosa kwa lipi. Likiharibika, lawama ni yangu. Katika hilo, mzee, nadhani tuko pamoja: mawazo yakusanywe kwa wote, uamuzi uwe na mwenyewe.

Mchangiaji wa Mombasa

Salaam kutoka Pwani. Mimi na wenzangu wawili tunatengeneza filamu fupi za mashirika na za arusi. Swali langu ni la haki. Mwaka juzi tulipeleka wazo kwa mteja, akatuambia halimfai, na baada ya miezi michache tukaliona limefanywa na wengine. Ndani ya kampuni pia, mwandishi wa karatasi isiyo na jina atalipwaje wazo lake likifanikiwa?

Mwanzisha uzi

Pole kwa hilo, ni maumivu ambayo wengi humu wanayajua. Kwa upande wa sheria, ukweli ni mchungu: hakimiliki hailindi wazo tupu, inalinda namna lilivyoelezwa. Ndivyo ulivyo Mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, kifungu cha 9, ambao Kenya na Tanzania zote zimo, na sheria yetu ya hakimiliki na hakishiriki ya mwaka 1999 nayo haikulilinda wazo lililobaki wazo. Hivyo ukimwambia mteja kwa mdomo, "tufanye filamu ya barafu", umempa bure. Ukimpelekea kurasa mbili zenye mfuatano wa matukio, watu, sauti ya mwanzo na maneno ya msimulizi, zikiwa na tarehe na jina la kampuni, na ukazituma kwa barua pepe ili ubaki na kumbukumbu, una kitu cha kushika. Sisi hatuendi kwa mdhamini bila kurasa hizo mbili.

Ndani ya kampuni, jina linafichwa kikaoni tu. Wazo likishachaguliwa, mwandishi anajitaja, na kwenye majina ya mwisho wa kipindi tunaandika "Wazo" na "Mlezi wa wazo" kabla ya jina langu. Kipindi kikiuzwa, wawili hao wanapata fungu dogo tulilokubaliana kwa maandishi mwanzoni mwa mwaka. Fungu lenyewe si kubwa, lakini dereva wetu aliipiga picha skrini yenye jina lake na kuituma kijijini kwao.

Mchangiaji wa Mwanza

Nimerudi baada ya wiki tatu. Tumejaribu dakika kumi za ukimya. Jumatatu ya kwanza ilikuwa ngumu, watu walichekana na wawili walirudisha karatasi tupu. Jumatatu ya pili tulipata karatasi inayouliza kwa nini wanaoanika dagaa ufukweni huwaanika juu ya mchanga wakati chanja zipo, na imetupatia kipindi cha simu ambacho laini hazikupumzika. Swali langu la mwisho: zile karatasi zisizochaguliwa mnazifanya nini? Zetu zimeanza kujaa mezani.

Mwanzisha uzi

Nimefurahi mno, na swali la dagaa ni zuri kuliko mengi yetu.

Karatasi zisizochaguliwa usizitupe. Tuna bahasha kubwa ya kaki kwenye droo ya mhasibu, na kila karatasi inaandikwa tarehe nyuma kisha inaingia humo. Kila baada ya miezi mitatu tunaimwaga yote mezani na kuzisoma upya. Nyingi zinarudi ndani, chache zinachanwa, na moja au mbili zinakuta wakati wake umefika, kama ile ya barafu ilivyosubiri hadi umeme ukakatika.

Juzi tuliimwaga. Kuna karatasi ya mwaka jana inayosomeka NANI ANASHONA SARE ZA SHULE MWEZI DESEMBA. Chini yake mtu ameongeza mstari: "Na kitambaa kikiisha, mtoto anavaa nini siku ya kwanza?" Tumempa dereva ailee. Ameomba Jumatano gari libaki ofisini, kwa sababu anataka kwenda Kariakoo kwa daladala pamoja na akina mama wanaofuata vitambaa, naye ameshanunua daftari lake mwenyewe.